Mbwa Gani kwa Nyumba Gani: Ulinganisho kwa Anayetaka Kuchagua

Mtu anayetafuta mbwa kwa kawaida huanza na mambo mawili: sura ya mbwa na ukubwa wa nyumba. Yote mawili hupotosha. Greyhound hukimbia kwa kasi inayokaribia kilomita 70 kwa saa, na kila anayemwona akikimbia huamini kwamba mnyama huyo hawezi kuishi kwenye nyumba ya vyumba viwili. Kumbe akishamaliza mbio zake za dakika chache hurudi kwenye tandiko lake akalala hadi mfugaji wake akaingiwa na wasiwasi. Border Collie ni mwepesi kuliko yeye, kilo 14 hadi 20 hivi, lakini alizalishwa achunge kondoo kutwa nzima kwenye vilima vya mpakani mwa Uingereza na Uskoti, na siku isiyo na kazi kwake ni siku ya kujitafutia kazi. Ukipima kwa macho utampa Greyhound shamba na Border Collie chumba, na utakuwa umewakosea wote wawili.

Ndiyo maana ulinganisho huu hauanzi na mita za mraba. Unaanza na maswali mawili ambayo watu hawapendi sana kuulizwa: mbwa huyu alizalishwa afanye nini, na wewe una saa ngapi za kweli katika siku ya kawaida, siku ya mvua, siku uliyorudi umechoka. Nafasi ya nyumba huja baada ya hapo, na mara nyingi ikija hukuta jambo limekwisha amuliwa.

Mkimbiaji na mfanyakazi

Tuwamalize kwanza hao wawili. Greyhound hutosheka na matembezi mawili ya nusu saa hivi kwa siku, pamoja na mahali salama pa kukimbia mara chache kwa wiki. Ni mkimya na habweki ovyo. Gharama yake iko kwingine. Ngozi yake ni nyembamba na manyoya yake ni mafupi, kwa hiyo hupata baridi upesi, na huchanika kwa mwiba ambao mbwa mwingine asingeuhisi. Tena ni mwindaji anayetumia macho: paka wa jirani akikatiza mbele yake, huyo keshaondoka, na utaliita jina lake hadi koo likauke. Karibu na barabara hafunguliwi kamba hata siku moja. Wengi wanaopatikana kwa kuasiliwa ni wastaafu wa mashindano, na baadhi yao hawajawahi kuona ngazi wala mlango wa kioo, hivyo mwezi wa kwanza huwa ni wa kuwafundisha nyumba ni kitu gani.

Border Collie, kwa upande wake, huisoma nyumba kwa siku moja na kuanza kuipanga. Niliwahi kualikwa kwenye sherehe ya mtoto katika nyumba yenye mbwa wa aina hii. Alikuwa ameinamisha kichwa, tumbo karibu na majani, akizunguka polepole bila kubweka, na baada ya nusu saa watoto saba walikuwa wamesongamana kwenye kona moja ya ua bila yeyote kujua wamefikaje pale. Msichana mmoja alipojaribu kuondoka, mbwa alimdonoa kisigino cha kiatu, naye akarudi kundini. Mama mwenye nyumba alisema mbwa wake anapenda sana watoto. Huenda ni kweli, lakini alasiri ile alikuwa kazini.

Mbwa kama huyo anahitaji saa mbili hivi za mazoezi kwa siku, na zaidi ya mazoezi anahitaji kufikiri: kutafuta vitu vilivyofichwa, kujifunza amri mpya, kuruka vikwazo kwa mpangilio. Anayefanyia kazi nyumbani na kupenda kumfunza mnyama atapata mwenzi asiye na mfano. Anayetoka alfajiri na kurudi usiku atapata mbwa anayefukuza vivuli ukutani na kujilamba mguu hadi ukatoka kidonda. Kwa nyumba ya watu wenye ajira ya kawaida, katika jozi hii nampendekeza Greyhound bila kusita.

Mdogo na mkubwa

Udogo wa mbwa hupunguza vitu vitatu kwa uhakika: chakula, kiasi cha dawa, kwa kuwa nyingi, zikiwemo za minyoo, hupimwa kwa uzito, na ukubwa wa kile unachookota nyuma yake njiani. Haupunguzi kelele wala nguvu. Jack Russell Terrier, aliyepewa jina la kasisi John Russell wa Devon nchini Uingereza, ni zao la karne ya 19, na kazi yake ilikuwa kuingia kwenye shimo la mbweha na kumbwekea humo gizani mpaka atoke. Kuchimba, kubweka na kutokata tamaa vyote vimo ndani ya mwili wa kilo sita au saba. Nilifuga chotara wake nikiamini kwamba mbwa mdogo ana mahitaji madogo. Wiki ya pili nilirudi jioni nikamkuta ameketi katikati ya vipande vya sponji, godoro limetobolewa kutoka upande mmoja hadi wa pili, handaki safi kabisa, naye anatikisa mkia kama fundi anayesubiri kazi yake ikaguliwe. Kosa halikuwa lake. Asubuhi ile nilikuwa nimemtembeza dakika kumi.

Great Dane huweza kuzidi kilo 60 na bado akawa mtulivu ndani ya nyumba kuliko mbwa yeyote wa jamii ya terrier. Anachodai ni kochi kubwa na matembezi ya wastani. Tatizo lake ni umri na uzito. Mbwa wakubwa sana huzeeka mapema: Great Dane huishi miaka 7 hadi 10 hivi, wakati Chihuahua huweza kupita miaka 14. Kifua chake kirefu humweka kwenye hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipinda, hali inayoweza kuua ndani ya saa chache asipofikishwa kwa daktari wa wanyama. Na siku miguu ya nyuma ikishindwa kupanda ngazi, nani atambeba? Anayeishi ghorofa ya tatu ajiulize swali hilo kabla ya kumchukua.

Kwa nyumba yenye watoto wadogo, udogo uliokithiri una hatari yake. Chihuahua wa kilo mbili akidondoshwa na mtoto wa miaka minne huvunjika mguu, na mbwa anayejua kwamba huweza kudondoshwa hujifunza kung'ata mapema. Dachshund naye, kwa mgongo wake mrefu na miguu mifupi, hupata matatizo ya pingili za uti wa mgongo kwa urahisi, hivyo hafai kuachwa aruke kutoka kitandani mara ishirini kwa siku. Mbwa wa kilo 10 hadi 25, ukubwa ambao matangazo huuruka kwa sababu haushangazi mtu, ndio unaozifaa familia nyingi.

Kengele, mlinzi na mwanafamilia

Wengi hutaka mbwa wawili ndani ya mmoja: alinde usiku na acheze na watoto mchana. Inawezekana, ila kwanza itenganishwe kazi ya kengele na kazi ya ulinzi. Kengele ni mbwa anayebweka mgeni anapofika, na kazi hiyo hata Dachshund wa kilo nane huimudu, tena kwa sauti ambayo aliye nje ya mlango hawezi kukisia ukubwa wa mwenye nayo. Mlinzi ni mbwa anayeweza kusimama mbele ya mtu na kumzuia, kisha akamwachia pale anapoamriwa. Sehemu hiyo ya pili, ya kuachia, ndiyo ngumu. Huchukua miezi ya mafunzo, na mwalimu wake lazima ajue anachofanya. Kwa maoni yangu nyumba nyingi zinazosema zinahitaji mlinzi zinahitaji kengele, pamoja na kitasa kizuri.

German Shepherd ndiye anayetajwa kwanza. Aina hii ilianza kuwekewa viwango rasmi mwaka 1899 nchini Ujerumani na Max von Stephanitz, aliyekuwa afisa wa jeshi la wapanda farasi, na lengo lilikuwa mbwa mchungaji mwenye akili na bidii ya kazi. Upolisi na ujeshi vilifuata baadaye. Mwenye mbwa huyu hupata mwanafunzi mwepesi anayemfuata bwana wake chumba kwa chumba, hata bafuni. Pia hupata manyoya kwenye kila nguo, mwaka mzima, na mbwa asiyevumilia kusahauliwa uani. Nyonga zake ni sehemu dhaifu inayojulikana, kwa hiyo ukinunua kwa mzalishaji, omba kuona picha za eksirei za nyonga za wazazi wote wawili. Anayekasirika kwa ombi hilo ameshakujibu.

Rottweiler, ambaye asili yake ni mbwa wa kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji katika mji wa Rottweil nchini Ujerumani, ni mzito zaidi, mtulivu zaidi, na mwenye kujiamini kuliko German Shepherd. Hapigi kelele nyingi. Humtazama mgeni, na mgeni huelewa. Kwa mfugaji mzoefu ni mbwa mzuri sana. Kwa anayefuga kwa mara ya kwanza ni kilo 50 za maamuzi ambayo hajui kuyasoma. Kabla ya kumchukua, soma mkataba wako wa pango na sheria za mahali unapoishi, kwa sababu ni miongoni mwa aina ambazo baadhi ya wenye nyumba na baadhi ya serikali huziwekea masharti.

Labrador Retriever hakutoka Labrador, eneo la Kanada ambalo amepewa jina lake. Wahenga wake walikuwa mbwa wa wavuvi wa kisiwa cha Newfoundland, waliorudisha samaki na nyavu kutoka majini bila kuziuma. Mdomo huo laini na hamu ya kumridhisha mtu ndivyo vinavyomfanya apendwe na familia na afundishwe kuongoza vipofu. Kama mlinzi, tarajia amwonyeshe mwizi mpira wake ulipo. Udhaifu wake ni tumbo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kwamba takriban robo ya Labrador hubeba badiliko la jeni linalohusishwa na uzito na tamaa ya chakula, jambo ambalo aliyewahi kula mbele ya mmoja wao alikuwa akilijua bila maabara. Katika nyumba ambayo kila mtu humtupia mbwa kipande cha chakula chini ya meza, Labrador atanenepa, viungo vitamuuma, na miaka yake itapungua. Tena watu husahau kwamba hadi afike miaka miwili au mitatu ni kijana wa kilo 30 asiyejua mkia wake unaishia wapi.

Nikilinganisha watatu hawa kwa familia yenye watoto na muda wa kadiri, naanza na Labrador, nafuata German Shepherd kama kuna mtu mmoja nyumbani atakayejitolea kumfunza kila siku, na Rottweiler namwachia aliyekwisha kufuga mbwa wenye nguvu. Aliyepanga kumfunga mbwa mnyororo mchana kutwa asichukue yeyote kati yao. Mbwa wa mnyororo hawi mkali kwa maana inayosaidia. Huwa na hofu iliyogeuka hasira, na siku mnyororo ukikatika hatofautishi mwizi na mtoto wa shule.

Manyoya, pua na sauti

Siberian Husky na Poodle wote hupendwa kwa manyoya yao, lakini kazi za manyoya hayo ni mbili tofauti. Husky ana tabaka mbili za manyoya, na karibu mara mbili kwa mwaka tabaka la ndani hunyonyoka kwa mafungu kama pamba ya mto uliopasuka. Alizalishwa na Wachukchi wa Siberia avute sleji, gari la kuburuzwa juu ya theluji, masafa marefu, kwa hiyo kwenye joto anateseka, na kwenye ua wenye uzio mfupi haonekani kesho yake. Poodle hanyonyoki sana. Manyoya yake hukua bila kukoma, na lazima yanyolewe kila baada ya wiki sita hivi na kuchanwa katikati ya hapo, la sivyo hujisokota hadi ngozini na kumuuma. Mitindo ya unyoaji imemfanya adharauliwe, ilhali ni mbwa wa kuopoa ndege majini na mmoja wa wanafunzi hodari kabisa, tena yuko katika ukubwa wa aina tatu.

Mwenye mzio asidanganywe na neno la muuzaji. Vinavyosababisha mzio ni protini zilizomo katika mate na vipande vidogo vya ngozi ya mbwa, na hakuna mbwa asiye na mate wala ngozi. Kinachosaidia ni kukaa na mbwa huyo huyo unayemtaka muda mrefu, zaidi ya mara moja, na kuona kifua na macho yako yanasemaje.

Kuhusu mbwa wa pua fupi, Pug na Bulldog wa Kiingereza na wa Kifaransa, sitafanya ulinganisho mrefu. Ni wapole, hawahitaji mazoezi mengi, na hukaa vyema kwenye nyumba ndogo. Lakini mbwa hupoza mwili wake hasa kwa kuhema, na aliyefupishwa pua hawezi kuhema sawasawa; kukoroma kwake kunakochekesha wageni ni sauti ya mnyama anayetafuta hewa. Bulldog wa Kiingereza mara nyingi huzaa kwa upasuaji, na Uholanzi imezuia kuzalisha mbwa wenye pua fupi kupita kiasi. Kama unaishi penye joto au hukutenga fedha za matibabu, tafuta mbwa mwenye pua.

Anayetaka ukimya huelekezwa kwa Basenji wa Kongo, ambaye jina lake huhusishwa na neno lile lile la "washenzi", tusi asilostahili mnyama nadhifu anayejisafisha kwa ulimi kama paka. Ni kweli kwamba habweki kama wengine. Hata hivyo hutoa sauti ya kupanda na kushuka, nusu wimbo nusu malalamiko, na utii wake ni wa hiari yake. Beagle ndiye kinyume chake: rafiki wa kila mtu, mwenye sauti inayovuka kuta mbili, na pua inayomvuta hadi mtaa wa pili.

Mtoto wa mbwa au aliyekomaa

Hapa ndipo wengi hukosea zaidi kuliko kwenye aina. Samaki mkunje angali mbichi, na mtoto wa mbwa kweli hukunjika: kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo anapojifunza kwamba watu, magari, kelele na mbwa wengine si vitu vya kuogopwa, na linalokosekana wakati huo hulipwa kwa miaka. Lakini asiondolewe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Baada ya hapo huja miezi ambayo huweza kuzuia haja yake kwa takriban saa moja kwa kila mwezi wa umri, kwa maana kwamba wa miezi mitatu hutolewa nje kila saa tatu au kabla, na usiku nao umo. Chanjo hutolewa kwa awamu hadi wiki ya 16 hivi, pamoja na ile ya kichaa cha mbwa. Kisha, kati ya miezi 6 na 18, yule mtoto mtiifu hugeuka kijana mkaidi aliyesahau jina lake, na ndicho kipindi ambacho mbwa wengi hurudishwa walikotoka.

Mbwa wa miaka mitatu au minne hana siri kubwa. Ukubwa wake unauona, manyoya yake unayajua, na anayemtunza anaweza kukueleza anavyowachukulia paka, watoto na radi. Kinachotakiwa ni subira ya mwanzo, kwa kuwa wiki za kwanza huwa amejikunja na tabia yake halisi hujitokeza polepole. Kwa mtu mwenye ajira, na kwa mzee ambaye angependa mwenzi wa kutembea naye taratibu, mimi humshauri mbwa aliyekomaa. Dume au jike si jambo la kuumiza kichwa: jike asiyefungwa kizazi huingia joto karibu mara mbili kwa mwaka, dume asiyehasiwa hutanga na kukojolea nguzo, na zaidi ya hapo tofauti ya mbwa mmoja na mwingine ni kubwa kuliko ya jinsia.

Mwenye hati na chotara

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, ulionyesha kwamba aina ya mbwa hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Msomaji anaweza kuuliza kwa nini basi nimeandika yote hayo ya juu. Ni kwa sababu aina hukuambia mengi juu ya mwili, yaani uzito, manyoya, pua, magonjwa na umri, na hukudokezea kazi ambayo mbwa huenda akaianza asipopewa nyingine. Haikuambii mbwa aliye mbele yako ni mtu wa namna gani. Mwenye hati, yaani mbwa mwenye cheti cha ukoo wake, hupunguza kubahatisha kuhusu mwili, alimradi wazazi wamepimwa na hawana undugu wa karibu. Chotara huongeza kubahatisha akiwa mdogo, lakini akikomaa hana la kubahatisha, na mara nyingi huepuka maradhi yanayotokana na kuzalisha ndugu kwa ndugu.

Kwa hiyo usinunue kwa picha, maana huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ukienda kwa mzalishaji, dai kumwona mama akiwa na watoto wake pale wanapolala. Mama anayejificha au kuunguruma kwa hofu hufundisha watoto hofu hiyo hiyo. Ukienda kwenye kituo cha kuasili, keti chini, geuza uso pembeni, na usimwite. Tazama kama atakuja, atakuja kwa mwendo gani, na akishtushwa na mlango uliogongwa itamchukua muda gani kutulia. Nenda tena siku nyingine, saa nyingine. Kisha muulize anayemtunza swali moja lisilo kwenye matangazo: mbwa huyu akiachwa peke yake kwa muda wa saa nne, hufanya nini? Akijibu "hulala", uliza kama aliyeshuhudia ni yeye mwenyewe.